Kitabu cha Mikono Mingi: Suala la Uandishi wa Historia ya Nakuru

Utangulizi

Nakuru ni mahali palipoandikwa sana, lakini ni mara chache palipoandikwa na wakazi wake. Reli ilipofika hapo mwaka 1900, habari za sehemu hii ya Bonde la Ufa zilianza kuingia katika mafaili ya serikali, ramani za wapima ardhi na barua za walowezi. Mwaka 1904 Nakuru ilitangazwa kuwa mji mdogo, mwaka 1929 ikawa manispaa, na tarehe 1 Desemba 2021 ikapewa hati ya kuwa jiji. Katika kila hatua palikuwa na karatasi, na palikuwa na mtu aliyeiandika. Aghalabu mtu huyo hakuwa yule aliyelima, aliyechunga, aliyepakia magunia stesheni, wala aliyehamishwa.

Dawa moja ya upungufu huo ni kitabu cha ushirika, yaani kitabu kinachotungwa, kuchorwa na kushonwa kwa mkono na wakazi wenyewe, kila mmoja akileta ukurasa wake, na nakala zake zikiwa chache au hata moja tu. Wasanii wa Ulaya na Marekani hukiita kitabu cha aina hiyo kitabu cha msanii, kwa maana kwamba umbo lake lote, tangu karatasi hadi uzi, ni sehemu ya ujumbe wake. Wazo hilo ni zuri. Hata hivyo, wazo zuri halimwondolei mhakiki wajibu wa kuuliza kitabu kama hicho kipimwe kwa kipimo gani.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba wingi wa mikono peke yake haukifanyi kitabu kuwa cha ushirika. Hapana budi kuuliza maswali matatu. Kwanza, ni nani mwenye neno la mwisho juu ya kila ukurasa? Pili, kitabu kinasema kwa Kiswahili cha nani? Tatu, kikiisha kushonwa, kinakaa wapi? Ili maswali hayo yasibaki hewani, zitachunguzwa kwanza kazi ambazo wasemaji wa Kiswahili wamekwisha kuzifanya kwa mikono yao huko Lamu na Lubumbashi. Baadaye uchunguzi utarudi Nakuru, ambako majibu ya maswali hayo yana uzito wa pekee kwa sababu historia ya huko ni historia ya ardhi, na ardhi hiyo bado inagombewa.

Kitabu cha mkono katika mapokeo ya pwani

Ni kosa kudhani kwamba kitabu cha mkono ni mtindo mgeni unaoletwa Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza. Katika kisiwa cha Pate, mji wa Siyu ulisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa misahafu iliyonakiliwa na kupambwa kwa mkono, kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, juu ya karatasi iliyoletwa kutoka ng'ambo. Mji huohuo ulikuwa na mafundi wa ngozi na wa kuchonga mbao. Kwa hiyo msahafu wa Siyu haukuwa zao la kalamu tu. Ulikuwa zao la mji wenye ustadi wa aina nyingi, na uzuri wake hauwezi kutenganishwa na ustadi huo.

Lamu nayo ilimtoa Muhamadi Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945. Huyu alikuwa mshairi, mnakili wa hati, mchongaji na mwanamuziki kwa wakati mmoja. Tendi kadhaa za kale zimewafikia wasomaji wa leo kwa kuwa Kijumwa alizinakili kwa mkono wake. Lakini miongoni mwa waliomwagizia hati hizo walikuwamo wataalamu wa kigeni, kama vile Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na hati zake nyingi sasa zimo katika maktaba za Uingereza na Ujerumani.

Mhakiki mwadilifu atakiri kwamba pengine baadhi ya hati hizo zingaliliwa na mchwa lau zisingaliagizwa. Hata hivyo, ukweli mwingine hauna budi kutajwa pia. Mkono ulikuwa wa Lamu, lugha ilikuwa ya Lamu, lakini mwagizaji alikuwa na sauti kubwa katika kuamua ni hati ipi inakiliwe, na ndiye aliyeondoka nayo. Ufundi wa mwenyeji, hata ukiwa wa daraja la juu kabisa, haumhakikishii mwenyeji mamlaka juu ya kazi yake.

Kijitabu cha watumishi wa Elisabethville

Kazi ya pili ni ya wanyonge zaidi na umbo lake ni duni zaidi, lakini inakaribia sana suala la historia ya mji. Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville huko Katanga, ambao mwaka uliofuata ulipewa jina la Lubumbashi, watu waliowahi kuwa watumishi katika nyumba za Wazungu walitoa kijitabu kilichoitwa kwa Kifaransa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Jina hilo huweza kumpotosha msomaji, kwani maana yake ni msamiati wa mji. Ndani mna historia, nayo imeandikwa kwa Kiswahili cha Katanga. Mwandishi wake ni André Yav. Kurasa zake, thelathini na kitu, zilipigwa taipu na kudurufiwa bila kupitia kampuni yoyote ya uchapishaji.

Kijitabu kinamtaja Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji na kuingia kwa ukoloni Katanga, kinasimulia habari za mji na migodi, na kinaeleza maisha ya maboi, yaani wale waliopika, waliofua, waliopiga pasi na kungoja mezani. Thamani yake imo katika mahali anaposimama msimulizi. Boi alikuwamo ndani ya nyumba ya mtawala lakini hakuwa wa nyumba hiyo. Aliyaona na kuyasikia mambo ambayo hayakupata kuingia katika taarifa za kampuni ya madini wala za serikali. Historia inayosimuliwa kutoka jikoni haipingani tu na ile ya ofisini. Inajua mambo ambayo ile ya ofisini haikuweza kuyajua.

Kijitabu hicho kilitolewa upya huko Amsterdam mwaka 1990 na Johannes Fabian, pamoja na Kalundi Mango na mwanaisimu W. Schicho. Jambo moja katika maandalizi ya toleo hilo linastahili kuzingatiwa sana. Andiko la Yav halikufuata tahajia moja; maneno mengine yaliunganishwa na mengine yalikatwa pasipotarajiwa, hata kulisoma kwa macho kukawa kugumu. Njia iliyopatikana ni kwamba Kalundi Mango, msemaji wa Kiswahili hicho, alilisoma kwa sauti na sauti yake ikarekodiwa. Liliposikika, lilieleweka. Mwalimu wa lugha ambaye angalilishika akiwa na kalamu nyekundu mkononi angaliona makosa tu, kumbe andiko lilikuwa linangoja sikio.

Hata hivyo, kijitabu hicho nacho kina mipaka. Yav anaandika kwa niaba ya wenzake, na ushirika wake ni ushirika wa uwakilishi: mmoja anasema, wengi wanasimama nyuma yake. Nao hao wengi ni watumishi wa nyumbani, kazi ambayo katika mji huo kwa kawaida ilikuwa ya wanaume. Mke wa boi, mchimba madini na mchuuzi wa sokoni wangaliweza kuwa na historia nyingine ya mji uleule. Kikundi kinachosema "sisi" hakina budi kuulizwa ni nani hasa waliomo ndani ya neno hilo.

Picha za Tshibumba na swali la mshirika

Katika mji huohuo alizaliwa, mwaka 1947, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Alichora kwa rangi juu ya vitambaa vya mifuko ya unga, na picha zake zilinunuliwa na wenyeji waliozitundika sebuleni. Baada ya kukutana na Fabian mwaka 1973, alichora mfululizo wa picha zipatazo mia moja unaosimulia historia ya Zaire, kama nchi hiyo ilivyoitwa wakati huo. Kila picha aliieleza kwa Kiswahili, na mazungumzo ya wawili hao yakanaswa katika kanda. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1996 kilitolewa huko California kitabu kiitwacho Remembering the Present.

Tshibumba hakujiona kuwa mchoraji tu. Alijiita pia mwanahistoria. Dai hilo ni zito. Anayelitoa anataka kazi yake ipimwe kwa ukweli wake, wala si kwa rangi zake peke yake. Na kwa kweli mfululizo huo una mpango wa kihistoria: una mwanzo, una sababu na matokeo, na una hukumu.

Lakini je, kitabu kilichotokana nao ni cha nani? Mchoraji aliamua achore nini na aeleze nini. Mtaalamu aliuliza maswali, akanasa sauti, akatafsiri, akapanga na kuchapisha. Picha zenyewe zimehifadhiwa Amsterdam. Kitabu kilipotoka, Tshibumba alikuwa hajulikani aliko kwa zaidi ya miaka kumi. Si haki kumlaumu mtaalamu kwa hilo, kwani bila bidii yake mfululizo huo usingejulikana na pengine usingechorwa wote. Linalotakiwa kuonekana hapa ni kanuni. Katika ushirika wa watu wasiolingana kwa fedha, kwa elimu na kwa uwezo wa kusafiri, kazi huelekea upande wa mwenye nguvu hata pale ambapo mwenye nguvu ana nia njema.

Nakuru na karatasi za watu wengine

Kanuni hiyo ndiyo inayoifanya mifano ya Lamu na Lubumbashi ihusu Nakuru moja kwa moja. Historia ya Bonde la Ufa la kati yaweza kuelezwa kama mfululizo wa karatasi zilizowahusu wenyeji bila kuwa zao.

Karatasi ya kwanza ni mkataba wa 1904, uliowaondoa Wamaasai katika malisho ya Bonde la Ufa la kati na kuwapeleka Laikipia na kusini ili ardhi hiyo wapewe walowezi. Mkataba wa pili, wa 1911, ukawaondoa hata Laikipia. Walipokwenda mahakamani, kesi yao ilitupwa mwaka 1913. Mikataba hiyo inahesabiwa kuwa ya pande mbili, lakini maneno yake na lugha yake vilikuwa vya upande mmoja.

Karatasi ya pili ni kipande. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba cheti cha usajili kilichotiwa katika kikasha cha bati na kuvaliwa shingoni. Mwajiri aliandika humo siku ya kuajiri, mshahara na siku ya kumwachisha kazi. Kwa namna fulani kipande kilikuwa kitabu cha maisha ya mtu, lakini mtu mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuandika humo hata neno moja. Katika mashamba ya Njoro, Molo, Solai na Subukia vitabu vya aina hiyo vilitembea shambani kila siku, shingoni mwa watu ambao wengi wao hawakuweza kuvisoma.

Karatasi ya tatu ni historia ya walowezi wenyewe. White Man's Country, kitabu cha juzuu mbili alichokitoa Elspeth Huxley mwaka 1935, kinasimulia habari za Lord Delamere, aliyelima Njoro na kufuga Soysambu. Ni kitabu cha mwandishi hodari. Lakini jina lake linatangaza mtazamo wake, na msomaji anayemtafuta skwota humo atamkuta kama suala la nguvukazi. Ilibidi wasomaji wangoje hadi mwaka 1987, Tabitha Kanogo alipotoa uchunguzi wake juu ya maskwota na chimbuko la Mau Mau, ndipo wakaweza kusoma kwa kirefu jinsi sheria ya 1918 ilivyomtaka skwota afanye kazi siku 180 kwa mwaka, na jinsi watu wa Olenguruone, waliopewa makazi mwaka 1941, walivyokataa masharti ya serikali, wakala kiapo cha umoja wanaume, wanawake na watoto, na hatimaye wakafukuzwa kufikia mwaka 1950.

Karatasi ya nne ni ya juzi. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikusanya taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kwa wananchi wa Kenya, wakiwamo waliopatwa na maafa ya Molo mwaka 1992 na ya Nakuru na Naivasha mwaka 2008. Ripoti yake ilikabidhiwa kwa Rais mwezi Mei 2013. Kwa idadi ya sauti, hakuna kitabu cha Kenya kinachoikaribia. Lakini imeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, katika majuzuu mazito, na aliyetoa taarifa hawezi kuufungua ukurasa fulani na kusema: huu ni wangu. Hapa ndipo inapothibitika kwamba maelfu ya watu waweza kuchangia kitabu bila kuwa waandishi wake.

Kurasa zinazotazamana

Ikiwa ndivyo, kitabu cha mkono cha Nakuru kinatakiwa kufanya lile ambalo karatasi hizo nne hazikulifanya. Wajibu wake wa kwanza ni kumwachia kila mshiriki ukurasa wake na kutowayeyusha wote katika sauti moja.

Mathalani, itazamwe kreta ya Menengai. Masimulizi ya Wamaasai yanasema kwamba katika karne ya 19 mashujaa wa Ilaikipiak walishindwa hapo na kutumbukia shimoni, na jina la mlima huhusishwa na wafu hao. Wakikuyu waliokuja kuishi chini yake waliuita Kirima kia Ngoma, mlima wa mizimu. Mhariri wa kitabu cha shule atachagua simulizi moja, au atazifupisha zote mbili katika sentensi moja isiyomridhisha yeyote. Kitabu cha mkono kina uwezo wa kuziweka katika kurasa mbili zinazotazamana, kila moja kwa mkono wa mwenye simulizi na kwa lugha yake, na kumwacha msomaji aone kwamba mlima mmoja umekaliwa na kumbukumbu mbili.

Hali ni hiyohiyo kwa msitu wa Mau. Waogiek wanaukumbuka kama msitu wa mizinga ya nyuki na wa koo zao. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Jirani aliyenunua au kugawiwa kipande cha ardhi pembezoni mwa msitu huo ana kumbukumbu yake pia, ya hati aliyopewa na ya siku aliyoamriwa kuondoka. Kitabu kikimnyima mmoja wao ukurasa, kimekwisha kukata kesi. Kikiwapa wote wawili ukurasa mmoja wa pamoja wenye maneno ya upole, kimesema uongo.

Kutoa kurasa sawa si kusema kwamba madai yote yana ukweli sawa. Mwaka, sheria na uamuzi wa mahakama ni mambo yanayothibitishwa, na kitabu hakina ruhusa ya kuyageuza. Inayolindwa ni haki ya mtu kusimulia lililompata kwa maneno yake.

Suala la Kiswahili

Hapa ndipo Idara za lugha zinapohusika, na ndipo zinapoweza kuharibu. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iundwe mwaka 1930 na Kiunguja kufanywa msingi wa Kiswahili sanifu, mwalimu wa Kiswahili amezoea kuona wajibu wake kuwa ni kusahihisha. Darasani wajibu huo ni halali. Katika kitabu cha mkono waweza kuwa njia nyingine ya kumpokonya mtu kalamu.

Kiswahili cha mashamba ya Nakuru kina msamiati wake: nyapara, posho, laini, skwota. Kila neno limebeba mambo. Posho si chakula kwa jumla; ni unga wa mahindi uliopimwa na mwajiri na kuhesabiwa kuwa sehemu ya ujira. Laini si nyumba. Ni safu ya vyumba vya wafanyakazi iliyojengwa ili isimamiwe. Mhariri akifuta "posho" na kuandika "mgao wa chakula", sentensi itakuwa safi, lakini mizani ya mwajiri itakuwa imeondoka pamoja na neno. Akifuta "skwota" na kuandika "mkazi asiye na hati", atakuwa amesahau kwamba skwota aliishi hapo kwa mkataba, akauza kazi yake ili apate mahali pa kulima na kulisha mifugo.

Yale yaliyotokea kwa andiko la Yav yawe fundisho. Ukurasa wa mzee wa Elburgon au wa mama wa Bahati uandikwe kama alivyousema, na kabla ya kushonwa usomwe mbele yake kwa sauti. Asiyejua kuandika aweza kuchora, au kumwazima kijana mkono wa kuandika, mradi kijana huyo atie jina lake kama mnakili tu. Ufafanuzi wa maneno magumu, ukihitajika, uwekwe mwishoni, na utungwe na wasemaji wenyewe. Tena si lazima kila ukurasa uwe wa Kiswahili. Kimaasai, Kiogiek, Kikuyu na Kikalenjin vina nafasi yao, na Kiswahili kikabaki kuwa lugha inayowawezesha wenye kurasa hizo kusomeana.

Fani na maudhui

Yanayosemwa juu ya fani ya kitabu cha mkono mara nyingi huishia katika sifa za juujuu: karatasi nzuri, mshono mzuri, rangi za asili. Bonde la Ufa lina vifaa vya kutosha vya kumshawishi msanii. Kuna udongo mweupe unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, kuna katani ya mashamba ya Rongai na Mogotio, kuna vumbi ambalo, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, ndilo lililoupa mji jina lake kutoka katika Kimaasai. Msanii aweza kutia vumbi hilo katika rangi na kushona kwa uzi wa katani, na kitabu kikapendeza.

Lakini kifaa hakiwi historia kwa sababu tu kimetoka mahali husika. Uzi wa katani una maana ikiwa karibu na mshono kuna neno la aliyekata katani na kuchomwa na miiba yake. Udongo wa Kariandusi una maana ikiwa msomaji anaambiwa ni nani waliouchimba na kwa ujira gani. Vinginevyo fani inageuka pambo la kumvutia mtalii, na maudhui yanakimbia.

Mfano wa fani iliyofungamana na maudhui upo tayari katika kilima cha Hyrax Hill, nje kidogo ya jiji. Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na 1938, kilima kikatangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya kitaifa mwaka 1943, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1965. Juu ya miamba yake kuna mashimo ya bao yaliyochongwa na wachezaji wa zamani. Mashimo hayo hayana jina la mtu, lakini yanaonyesha kwamba mchezo ulihitaji wawili, kila mmoja na upande wake, na ubao mmoja kati yao. Kitabu cha kukunja, kinachofunguka kama mkeka na kusomwa kutoka pande zote mbili, chaweza kujengwa juu ya mfano huo: wasimulizi wa upande huu na wa upande ule, wakikutana katikati, wakati karatasi ikiwa moja.

Pingamizi

Yapo mapingamizi mawili yasiyoweza kupuuzwa. La kwanza linasema kwamba katika jimbo lililomwaga damu mwaka 1992 na mwaka 2008, kuzifungua kumbukumbu zinazopingana ni kuchokoza kidonda. Hofu hiyo ina msingi. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 iliwekwa kwa sababu maneno yalikuwa yamechangia mauaji. Jibu lake limo katika kutofautisha ushahidi na hukumu ya jumla. Mtu anayeandika kwamba nyumba yake iliteketezwa, mahali fulani, siku fulani, anatoa ushahidi. Mtu anayeandika kwamba kabila fulani ni la wachomaji, ameacha kusimulia na ameanza kuwindisha. Kikundi kinachotengeneza kitabu hakina budi kukubaliana juu ya mpaka huo kabla ya kugawa karatasi, na kukubaliana pia kwamba watu walio hai wasitajwe kwa makosa ambayo hakuna mahakama iliyoyathibitisha. Ama kunyamaza, historia yenyewe imekwisha kutoa jibu: miaka kumi na sita kati ya 1992 na 2008 haikukosa ukimya.

Pingamizi la pili linasema kwamba kitabu chenye nakala moja au kumi hakiwezi kushindana na vitabu vya shule vyenye maelfu ya nakala. Ni kweli, lakini si lazima kishindane navyo. Bwawa la Solai lilipobomoka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya arobaini, magazeti yaliandika kwa wiki kadhaa kisha yakaendelea na mengine. Familia za marehemu hazihitaji maelfu ya nakala za habari hiyo. Zinahitaji mahali ambapo majina ya watu wao yameandikwa na mikono inayowajua, na ambapo jirani aweza kwenda kuyasoma.

Hitimisho

Jambo hilo linaleta swali la tatu, la makao, ambalo waandishi wa vitabu vya mkono hulisahau mara nyingi kuliko yote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hati za Lamu zilikwenda Ulaya na picha za Tshibumba zikaenda Amsterdam. Daftari zipo salama, ila zipo mbali na wenye mali. Kitabu cha Nakuru kikimalizikia katika kabati la kioo la taasisi iliyokifadhili, kitakuwa kimefuata njia hiyohiyo, hata kama taasisi hiyo iko Nairobi. Kwa hiyo makubaliano juu ya makao yafanywe mwanzoni, yaandikwe, na yatiwe katika kitabu chenyewe kama ukurasa wa kwanza: kitakaa kwa nani, kitazunguka lini kutoka mtaa hadi mtaa, ni nani atakayekisoma kwa sauti, na ni nani mwenye haki ya kuongeza ukurasa. Mshono nao ufanywe wa kufunguka, ili aliyekuwa hayupo siku ya kwanza apate nafasi.

Mhakiki atakayeletewa kitabu cha namna hiyo asianze kwa kusifu karatasi yake. Atafute kwanza kama kila ukurasa una mwenyewe anayeweza kuusoma, kuutetea na, akitaka, kuuondoa. Skwota aliyebeba kipande shingoni hakuwa na haki hata moja kati ya hizo tatu. Wajukuu wake wakiipata, katika kitabu kilichoshonwa kwa uzi wa katani na kuwekwa juu ya meza ya maktaba ya mtaa, kitabu hicho kitakuwa kimestahili jina la ushirika.